Pimamaji ya Mjomba Juu ya Kamera Yangu

Nilirudi Kakamega na vitu viwili ambavyo hakuna mwingine mjini aliyekuwa navyo: diploma ya upigaji picha, niliyojilipia kwa kuosha vyombo ughaibuni, na kamera kubwa ya mbao yenye mfuko wa kukunjuka. Jirani aliuliza kama ni chombo cha kufukizia nyuki moshi. Nilimsamehe.

Kazi ya kwanza aliniletea mjomba wangu, mwashi. Alikuwa amemaliza kujenga jengo la ghorofa sita mjini, na mwenye jengo, mama mmoja mfanyabiashara wa Butere, akamwahidi na jengo la pili. Kisha binti wa huyo mama akapiga picha kwa simu akiwa chini barabarani. Kuta zikasogeleana juu, jengo likaonekana linaanguka chali. Mama akaiamini picha. Jengo la pili, akasema, atampa fundi mwingine.

"Mpwa," mjomba aliniambia, "hiyo diploma ifanye kazi leo."

Hapo alikuwa amefika kwa mwenyewe. Mwenye simu huiinamisha nyuma ili apate paa, na kuta nazo huinama. Mimi kamera naiacha wima, napandisha lenzi peke yake mpaka paa liingie, na kuta zinabaki zimesimama. Siku hiyo hiyo, mbele ya jengo, nilimweleza yule mama hayo yote, na mengine ambayo hakuuliza.

Alijifunika kitambaa cheusi cha kamera, akatazama kioo cha nyuma ya kamera.

"Uwii! Umelipindua!"

"Kwenye kioo picha huwa kichwa chini, mama. Wewe tazama kuta."

Akatazama tena. "Ni kweli halianguki chali tena. Sasa linaangukia kando."

Nikaingia chini ya kitambaa. Jengo zima lilikuwa limelala upande. Mawingu yalishakusanyika upande wa msituni, na mvua yetu ya alasiri haina subira. Nilipandisha lenzi, nikaishusha, nikaisogeza kushoto. Wapi! Mama akaanza kutafuta funguo za gari.

Mjomba alitoa pimamaji mfukoni, akailaza juu ya kamera yangu. Kiputo kikakimbilia pembeni.

"Mpwa, jengo halijainama. Umeinama wewe."

Nilikuwa nimesimamisha ile miguu mitatu ya kamera kwa kukadiria tu, kwa sababu nina macho mazuri. Akasukuma kijiwe chini ya mguu mmoja, kiputo kikarudi katikati. Kisha akaning'iniza uzi wa timazi mbele ya kioo.

"Mama, njoo uone tena."

Uzi na ukuta vilifuatana kutoka msingi hadi paa. Mama alikaa chini ya kitambaa muda mrefu, na alipotoka hakunitazama mimi.

"Fundi, kesho asubuhi tukaone kile kiwanja cha jengo la pili."

Nilifyatua, matone yakaanza. Picha hiyo sasa imetundikwa mapokezi ya jengo lenyewe, na sijaona iliyonyooka kuishinda. Mjomba ameulizia pimamaji yake mara mbili. Namwambia anunue nyingine. Hiyo sasa ni kifaa cha upigaji picha.