Mashine ya Mjomba A-hok

Gurudumu la kutia hewa majini likisimama bwawani mchana wa joto, samaki aina ya mwatiko hawachelewi kufa. Na pale Tainan, kwenye mabwawa ya ushirika, magurudumu yalishazimika mara mbili wiki ile bila mtu kuyagusa. Su-chin, mama wa makamo anayetunza kompyuta za ushirika, alijua kuna mtu anaingia kwa mtandao na kuyazima. Anaingilia wapi, hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Akakaa ofisini, akazipigia hodi mashine zote kwa telnet. Hiyo ni njia ya kizamani ya kuamrisha mashine ukiwa mbali. Nywila inapita uchi, mwizi anaisoma tu. Alizozijua alishazifunga njia hiyo. Moja ikaitika, na hakuijua.

Akampigia simu A-hok, kaka wa mama yake, msimamizi wa mabwawa.

"Mjomba, ile kompyuta ya zamani ya magurudumu iko wapi?"

"Nilishaitupa."

"Mbona inaniitikia?"

"Mzimu huo. Mwamkie vizuri."

Su-chin hakucheka. Akafuata waya wa mtandao ukutani, chini ya mabati, mpaka banda la pampu. Ukaishia nyuma ya madhabahu ya mungu wa ardhi. Mashine hiyo hapo, taa zinawaka, na juu yake pakiti ya kijani ya vitafunwa, ile watu wa huko huwekea mashine wakiamini zitatulia. Pakiti mpya. Nani ananunulia vitafunwa kitu alichotupa?

A-hok akaingia anaburuta kandambili.

"Usiiguse hiyo."

"Kumbe unaitumia."

"Nakunywa chai yangu nyumbani, nabonyeza simu, magurudumu yanazunguka. Magoti haya utanipa mengine wewe?"

"Nywila?"

"Ileile iliyotoka nayo kiwandani."

Uvivu gani huu. Nywila ya kiwandani anayo kila mwenye mashine kama ile.

Su-chin akachomeka kompyuta yake. Ndani ya mashine kulikuwa na mtu ameshaingia kwa mtandao.

"Simu yako iko wapi, mjomba?"

"Nyumbani, inachaji."

Nje, gurudumu la bwawa la mwisho likanyamaza.

"Naifunga njia hii. Ikishafungwa, kila gurudumu linawashwa kwa mkono. Nenda kwenye swichi."

"Mfukuze huyo tu, njia niachie."

"Atarudi kabla hujafika mlangoni. Nenda, mjomba."

Gurudumu la pili, la bwawa la karibu, likanyamaza. Hapo ndipo mzee akakumbuka ana miguu.

Su-chin akaifunga. Ikajifungua yenyewe, maana iliwekwa iwe inaamka kila ikizimwa. Jasho likamwingia machoni. Akatafuta amri inayoiamsha, akaifuta, akafunga tena. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Magurudumu yaliyobaki yaliendelea kuzunguka.

Bwawa la karibu A-hok aliliwahi. Lile la mwisho, alipofika, samaki walikuwa juu ya maji, wanahema midomo wazi, na wengi walishageuka matumbo juu. Akawasha swichi. Maji yakarushwa juu ya mizoga.

Jioni wote wawili walikuwa majini, wakiopoa samaki waliokufa kwa nyavu. Ndoo za kwanza zilipojaa, A-hok akauliza:

"Sasa mwanangu, kesho alfajiri nani atakuja kuyawasha?"

"Yule aliyeniambia ameitupa," Su-chin akasema, akamsogezea ndoo nyingine.