Uvimbe Usiouma wa Shangazi Nyanzobe

"Shangazi, kama huo uvimbe hauumi, si uuache tu?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu. Shangazi Nyanzobe, dada mkubwa wa baba, alikuwa anakamua ng'ombe huku amekalia tako moja, maana la pili lilitokeza kama boga changa. Alinirushia maziwa usoni, tukacheka.

Huku kwetu bondeni Momba hakuna anayemshinda kufundisha maksai kulima. Basi kila mtu akasema ni teke la Kamanda, yule maksai mkaidi. Wakamkanda shangazi kwa maji moto na samli. Uvimbe ukazidi kukua. Siku moja baba akafanya kama tunavyomfanyia ng'ombe mwenye jipu: akatia chuma motoni, akamwambia alale.

"Mayala, mimi si maksai wako!"

"Maksai angekuwa ameshalala," baba akajibu.

"Jipu la ng'ombe ukiligusa linachemka. Huu ni wa baridi, mgumu. Weka chini chuma chako, unipeleke hospitali ya Chitete."

Baba akanuna, ila akawasha pikipiki. Daktari wa Chitete aliubonyeza, akasema uvimbe mkubwa, ulioko ndani na unaoendelea kukua, hauguswi na kisu kabla haujapimwa. Akampa rufaa ya Mbeya; huko wakampiga picha, wakachukua kinyama kwa sindano. Ilikuwa saratani adimu, inayoanzia kwenye nyama laini kama misuli na mafuta. Mimi nilidhani saratani ni za matiti na kizazi tu! Kumbe ndani ya nyonga ina nafasi ya kujificha, inakua kimyakimya. Daktari akamwambia baba kwamba kama angeutoboa kwa kile chuma, angezisambaza seli za saratani. Baba aliketi palepale sakafuni.

Shangazi aliuliza kitu kimoja: atatembea tena nyuma ya plau? Hawakumwahidi. Akapigwa mionzi Dar es Salaam, akapasuliwa, uvimbe ukatoka wote pamoja na msuli mkubwa. Alirudi na magongo. Akawa anafundisha ng'ombe akiwa kitini, anafoka tu. Halafu akaacha magongo, akatembelea fimbo. Hakosi kwenda kuangaliwa madaktari wanapomwita, na mpaka sasa uvimbe haujarudi.

Mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, mvua za kwanza ziliponyesha alishika plau mwenyewe. Anachechemea, lakini mstari umenyooka! Baba akapiga mluzi. Mimi nilikuwa mbele nikimwongoza Kamanda, sasa mzee, nikamkumbusha shangazi swali langu la zamani.

Alifika mwisho wa shamba, akafuta jasho, akageuza plau.

"Ningeuacha, leo ungelima na nani? Twende!"