Kangaja wa Chapwa

Kangaja, samaki wa baharini, alifika Tunduma siku ile ile wageni wa posa walipofika nyumbani kwangu, na mimi niliwaacha wageni nikamshughulikia kangaja. Nimeulizwa mara nyingi kama najuta. Sijuti.

Nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari, miaka ile ambayo kila mtu alikuwa ameshapata simu ya mkononi lakini umeme ulikuwa bado wa kubahatisha. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimepanga nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Chapwa, sina mume wala mtoto. Kwetu ni Mbozi, kwenye kahawa. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache aliyezoea kutiiwa, na katika watoto wake wote mimi peke yangu ndiye niliyemshinda.

Sebuleni kwangu palikuwa na tangi la kioo lenye maji ya bahari. Wazo lilinijia nilipopelekwa Tanga kwenye mafunzo ya walimu. Siku moja maji yalipokupwa tulitembezwa juu ya mwamba, nikaona kwa macho yangu matumbawe ambayo kwa miaka minane nilikuwa nikiyachora ubaoni bila kuwahi kuyaona. Nilirudi nyumbani na hasira. Kwa nini mtoto wa Tunduma aishie kwenye mchoro wangu mbaya kwa sababu tu kazaliwa mbali na bahari? Nikamwendea fundi wa madirisha ya alumini, akaniundia tangi la kioo kinene. Maji niliyapata kwa dereva mmoja wa malori, mtu mzima wa Tanga aliyekuwa akipeleka mizigo Zambia. Kila safari alinijazia madumu ya maji ya bahari akayapanga nyuma ya kiti chake, na kwa kuwa malori hukaa kwenye foleni ya mpakani siku mbili tatu, alikuwa na muda wa kunifikishia.

Mwalimu mwenzangu aliniambia najisumbua bure, chumvi si ipo Ivuna. Nikanunua chumvi ya Ivuna, nikaikoroga kwenye ndoo ya maji mpaka kipimo kikasoma sawa na bahari, nikatia konokono wawili wa baharini. Siku ya tatu walikuwa wamekufa. Chumvi iliyobaki niliimalizia kwenye maharage, nikaendelea na madumu yangu.

Baada ya miaka miwili tangi lilikuwa na mawe yaliyoota viumbe, matumbawe laini, na samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa. Hapo nikamtaka kangaja. Yuko mmoja wa rangi ya buluu kama sare mpya, uso mweusi, pezi la mgongoni la njano, na ni dhaifu kuliko uzuri wake. Wengi wanaomfuga humpoteza wiki ya kwanza. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam mwenye kibali cha kukusanya samaki wa mapambo alinikatalia kwenye simu.

"Mwalimu, huyo anatufia hata sisi wa huku pwani. Huko kwenu milimani unataka kumuua tu."

Nikamwambia anichagulie aliyekwisha kuzoea kula mbele ya watu, amfunge na maji mengi, anikabidhie kwa dereva wangu. Mengine aniachie mimi.

Wiki hizo hizo baba alikuwa amenipatia mchumba, bwana shamba mmoja aliyefiwa na mke, mtu wa heshima. Kwa taratibu mambo yangeanzia Mbozi, lakini baba alijua nikiitwa sitakwenda, akaamua kuniletea wageni hadi mlangoni. Alinipigia simu Alhamisi. Alitaka nisafishe nyumba, nipike, na niliondoe lile sanduku la maji, watu wasije wakadhani nafuga vitu.

"Baba, ni kweli nafuga vitu," nikamjibu. Akakata simu.

Lori lilitakiwa kufika Ijumaa. Halikufika. Jumamosi mchana wageni walikuwa wamekaa, mchumba na baba zake wadogo wawili, pamoja na baba yangu, nimewawekea chai na maandazi, tumemaliza kuulizana habari za mvua, ndipo dereva akabisha hodi na boksi jeupe mikononi. Alinieleza palepale mlangoni kwamba walipopanda mlima Kitonga mfuko wa samaki ulianza kuvimba, na kufika Makambako ukawa umekaza kama mpira, naye akaogopa usije ukapasuka, akaulegeza akaufunga upya. Alikuwa amefanya sawasawa, ingawa hakuna aliyemfundisha. Lakini ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya njiani ilikuwa imeingia kwenye boksi.

Nilifungua. Kangaja alikuwa amelala ubavu, rangi imepauka kama majivu, mashavu yakienda haraka. Nikavuta mapazia, maana samaki aliyetoka gizani akikutana na mwanga ghafla hupata mshtuko, nikawaomba wageni radhi, nikakaa sakafuni na gauni langu la heshima.

Kazi yenyewe haikubali haraka. Maji aliyosafiri nayo yamechafuka na yamepoa. Ukimtoa humo ukamtumbukiza kwenye tangi, mwili wake haustahimili badiliko hilo. Nilimhamishia kwenye ndoo na maji yake, ndoo nikaiweka ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, kisha nikachukua mpira wa dripu niliopewa na muuguzi wa jirani, upande mmoja kwenye tangi, upande mwingine kwenye ndoo, katikati nimepiga fundo ili maji yashuke tone kwa tone. Ndoo ikijaa nilipunguza nusu, nikaanza tena.

Wageni walikuwa wamekaa kwenye giza lile la mchana wakinitazama. Baba mdogo mmoja aliuliza kama dereva hawezi kunipokea. Nikasema hawezi. Nusu saa ikapita. Baba yangu akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, simama."

"Nikisimama atakufa, baba."

"Ni samaki huyo."

"Najua ni samaki."

Mchumba hakuwa mtu mbaya, na naomba nisimsingizie. Alisema kwa upole kwamba haoni kosa mtu kuwa na kitu anachokipenda, ila kwake nyumba ni ndogo, na mambo kama haya hayatakuwa na nafasi. Nilimshukuru kwa kunieleza mapema. Nikamwambia kama tangi halina nafasi, basi na mimi sina, na sikuinua macho kutoka kwenye ndoo wakati nasema hayo, kwa sababu ndiyo kwanza kangaja alikuwa amejiinua akakaa wima.

Waliondoka bila kumaliza chai. Baba alibaki nyuma yao, fimbo mkononi.

"Utazeeka na samaki wako."

"Basi nitazeeka nao, baba."

Nilimtia kwenye tangi alasiri. Akaenda moja kwa moja nyuma ya jiwe kubwa akajibanza. Wale wawili wadogo, ambao mpaka siku hiyo niliwaona wapole, walimfuata wakamchoma kwa midomo kila alipotoka. Nikawafungia kwenye chujio la plastiki lililoelea, nikayapanga mawe upya ili watakapotoka wote waikute nyumba ngeni. Siku ya nne niliwaachia. Walizunguka wakishangaa, hawakumgusa.

Lakini hakuwa anakula. Nilimpa mwani uliokaushwa, hakutaka. Nilimpa mchicha uliochemshwa, kamba waliosagwa, hakutaka. Siku ya saba tumbo lilikuwa limebonyea. Shuleni waliniuliza kila asubuhi kama ameshakufa, na niliona wengine wakitamani jibu liwe ndiyo, ili jambo liishe na mimi nirudi kuwa mwalimu kama walimu wengine. Mwenye nyumba naye akaja kuniambia kwamba watu wanasema. Nilimuuliza kama kodi imechelewa. Akasema haijachelewa. Nikamwambia basi wasemao waje wenyewe.

Uani nilikuwa na beseni la maji ya bahari lenye mawe niliyoyaacha humo juani wiki tatu, mpaka yakaota utando wa mwani wa kijani. Niliyaandaa kwa ajili ya baadaye, nikiamini kwanza samaki azoee. Siku ya tisa niliona nisisubiri. Nikatumbukiza jiwe moja, nikarudi nyuma hadi ukutani. Alikaa kitambo akiliangalia. Kisha akasogea, akaling'ata, akageuka, akaling'ata tena, mpaka upande mzima ukawa na alama nyeupe za midomo. Rangi ilikuwa haijarudi bado, lakini nilipiga ukuta kwa kiganja, peke yangu, nikacheka.

Mwezi wa saba, baridi ilipozidi na umeme kukatika, nililifunika tangi kwa mablanketi yangu mawili nikaweka ndani chupa za maji ya moto zielee, nikabadilisha kila zilipopoa. Alivuka. Kufikia mwezi wa nane alikuwa wa buluu kweli, na Jumamosi wanafunzi walianza kuja kwangu kwa makundi kumtazama. Mkuu wa shule aliniita akaniambia hilo si sehemu ya kazi yangu. Nikamkubalia kwamba si sehemu ya kazi, ndiyo maana nafanya Jumamosi.

Baba hakusema nami msimu mzima wa kahawa. Alikuja mwaka uliofuata, bila taarifa, akaketi mbele ya tangi na kofia yake magotini. Nilimwamkia, nikamwekea chai. Aliuliza anakula nini. Nikamwambia. Akakaa hadi saa tisa, kisha akasema bado anaona ni upuuzi. Nikamwambia sawa, baba. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha, na hadi anafariki hatukuwahi kuombana.

Kangaja aliishi kwangu miaka minne na miezi kidogo. Alipokufa sikumzika wala kumtupa. Nilimpeleka maabara, tukampasua na wasichana wa kidato cha tatu. Niliwaonyesha utumbo mrefu wa mla majani, na ule mwiba mkali kama wembe uliojificha ubavuni mwa mkia. Msichana mmoja aliuliza kama anaweza kuugusa. Nikamwambia aguse, ila taratibu, unakata hata sasa.