Breki Zilizodanganywa

Juzi nilikwama kwenye foleni huku Bunju ninakoishi, lori la kokoto likiwa limesimama mbele yetu, na harufu ya breki zilizoungua ikaniingia puani. Wenzangu wakafunga vioo, wakaendelea na porojo zao. Mie hata changu sikukumbuka kukifunga. Nyie acheni tu. Ni mtu mzima, nina watoto wawili, lakini harufu ile ikinipata narudi darasa la tatu, na tumbo linanikata kwelikweli.

Wakati huo tulikaa Chang'ombe, na baba alikuwa na kipanya chakavu, kibasi kidogo alichokinunua mkononi mwa mtu. Viti vya nyuma aliving'oa, akabakisha benchi moja. Kila asubuhi kiliwachukua kina mama wenye magenge ya mboga kwenda Mabibo sokoni, kikawarudisha na matenga yao ya nyanya. Mama yangu naye alikuwa na genge, hivyo alikwenda nao, na kiti cha mbele kilikuwa chake.

Jamani, lile gari lilikuwa linakula! Klachi ilipokufa, friji yetu ikauzwa. Rejeta ilipotoboka, likaondoka kabati la vyombo, tukawa tunapanga sahani kwenye ndoo. Matairi yalikuwa yameisha yote, vipara kama kichwa cha mjomba, na kila siku baba alilala uvunguni mwa gari miguu ikiwa nje. Bibi alipokuja kututembelea aliangalia sebule tupu akauliza, "Mmehamia lini?" Tulicheka wote isipokuwa baba.

Siku moja natoka shule nikampitia baba gereji. Nikamwamkia Fundi Mbaruku, shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Breki ya tairi moja la nyuma ilikuwa inavuja mafuta, kifaa kipya kilihitajika, na hela ya spea haikuwepo. Basi fundi akalikata bomba la mafuta linalokwenda kwenye tairi lile, akalikunja ncha na kuligonga kwa nyundo mpaka likaziba. Akajifuta mikono akasema, "Mzee, hapa nimezidanganya tu. Utasukuma nazo siku mbili tatu, ila usizizoee."

Njiani baba akanishika bega. "Maneno ya gereji yanabaki gereji, sawa? Mama yako ana presha."

Mafundi husema hivyo siku zote, kudanganya ni kutengeneza kwa muda tu. Mie nilikuwa mtoto, nililichukua neno lilivyo. Ustadhi wa madrasa alikuwa ametuambia kwamba hakuna uongo usiojulikana mwisho wake. Nikaamini gari limeambiwa lina breki nne wakati lina tatu, na siku litakapogundua litakasirika, na mama yangu amekaa mbele kabisa.

Siku mbili tatu zikawa wiki mbili. Nilikuwa nikilisikia likiwaka asubuhi, nabana pumzi mpaka lipinde kona. Shuleni nilikuwa nasikia honi yoyote nadhani ni watu wanakuja kuniita. Nilikonda. Nilitaka kumwambia mama, nikimwangalia usoni naiona presha yake imekaa pale inanisubiri, nakaa kimya. Niliogopa kusema na niliogopa kunyamaza.

Ndipo nikapata akili yangu ya kitoto. Asubuhi moja nikajikunja kitandani nikaanza kulia kwamba tumbo linaniua. Hesabu yangu ilikuwa fupi: mtoto akiumwa, mama hubaki nyumbani. Nikalia kwa ufundi, nikagaagaa, nikang'ata shuka. Mama akanigusa, akanigusa tena, sauti ikamtoka: "Baba Rehema! Washa gari! Mtoto anakufa huyu!"

Kabla sijajua naponaje, nimeshalazwa kwenye lile benchi. Mama Zaituni, jirani yetu muuza mchicha, aliyekuwa anasubiri safari ya Mabibo, alipanda akanipakata kichwa mapajani mwake. Safari yake ya sokoni aliiacha hivihivi. Mama akakaa mbele, baba akaondoka mbio kuelekea hospitali. Hakuwa anakimbiaga hivyo. Nilikuwa nimemwepusha mama na gari kwa kumtia humo humo, na mie juu.

Kuna mteremko kabla ya daraja la mfereji. Tulipouanza nikaona mkokoteni wa machungwa umekatiza barabara. Baba akakanyaga, mguu ukazama. Akapampu mara mbili, tatu. Gari likavuta upande, likalia, ile harufu ikajaa ndani, na tukasimama karibu na mkokoteni kiasi kwamba mwenye nao aliweka kiganja kwenye boneti.

"Mama, teremka!" nikapiga kelele. "Breki zimedanganywa! Fundi kazidanganya, ziko tatu!"

Baba akaniangalia kwenye kioo. Mama hakugeuka.

"Anasemaje huyu mtoto?" akauliza Mama Zaituni.

"Homa imempanda," mama akajibu taratibu. "Anaweweseka."

Mama Zaituni akavua mtandio wake, akanifunika. "Pole, mwanangu. Tunafika sasa hivi." Alinipapasa nywele mpaka mlangoni mwa hospitali.

Kwenye foleni ya daktari mama aliniinamia sikioni. "Najua, Rehema. Nimejua tangu siku ileile, gari lilivyokuwa linavuta. Nisipokaa mbele mie, nani atapanda? Na wasipopanda, spea tutainunua na nini?" Mkono wake ulionishika ulikuwa wa baridi kama maji ya mtungi. Kumbe na yeye kila asubuhi alikuwa anabana pumzi.

Spea ilipatikana wiki iliyofuata, cherehani ya mama ikaenda. Hakuna aliyeumia. Nyumbani tulimshukuru Mungu, na habari ikafungwa.

Nilikuwa mkubwa kabisa nilipoelewa kwamba gari halikuwa na habari yoyote. Chuma hakidanganyiki. Aliyedanganywa ni mtu, alikuwa na jina, na alikuwa amenipakata. Mama yangu alijua anachokipanda. Mama Zaituni aliona mwenzake amekaa mbele ametulia, naye akapanda.

Mama Zaituni bado yupo, mzee sasa. Kila Idi hunipigia simu, na kabla hajakata humwombea dua marehemu baba. Husema dereva mwaminifu kama yule hajamwona tena, miaka yote ile hakuwahi kuwaficha jambo.

"Amina, mama," namwitikia.