Raili Hokkanen Ajifunza Kusema

Kinywa ni jumba la maneno, lakini jumba la ukoo wa Hokkanen lilikuwa na kufuli, na ufunguo sijui nani aliutupa ziwani. Mzee Urho Hokkanen, mwenye miaka themanini na miwili, aliweza kukaa barazani na jirani yake tangu kahawa ya saa nne mpaka kahawa ya saa nane, wakaagana kwa kutikisa kichwa, na kila mmoja akaenda kusimulia kwake kwamba leo wamezungumza vizuri sana. Binti yake Raili alirithi kufuli hilo pamoja na pua.

Raili huyu ndiye ninayetaka kumsimulia. Alipika jikoni mwa shule miaka ishirini na mitano, viazi na mchuzi wa nyama Jumatatu, supu ya njegere Alhamisi, mpaka alipofika miaka arobaini na tisa akaamua kwamba anataka kuwa mwalimu wa watoto wale wale aliokuwa akiwapakulia. Akaomba nafasi chuo kikuu mjini Jyväskylä, akaipata. Hesabu hakuziogopa, wala vitabu vinene vya malezi. Aliogopa somo moja tu, la stadi za mawasiliano, ambalo kila mwanafunzi lazima alipite ndipo apewe shahada yake. Huku kwetu kuna watu waliomaliza fizikia yote ya ulimwengu huu, wakakaa miaka mitatu mingine wakilikwepa somo hilo, na hakuna anayewacheka. Tunawaelewa.

Mwalimu alikuwa msichana mmoja mchangamfu aitwaye Meeri, ambaye Raili angeweza kumzaa. Siku ya kwanza aliwakalisha wanafunzi wawili wawili, akawaambia: mwambie mwenzako jambo moja jema, mtazame machoni, na mwenzako ajibu "asante" kisha anyamaze. Raili alipangwa na kijana mrefu wa masomo ya misitu. Kijana akameza mate, akasema sweta la Raili ni zuri.

"Hili?" Raili akaruka. "La zamani hili! Nililipata kwa punguzo, na kiwiko kimetoboka, ona." Akainua mkono kumwonyesha tundu.

"Raili," Meeri akasema, "asante tu. Neno moja. Habari za kiwiko hatukuuliza."

Darasa zima lilicheka, na Raili naye akacheka, masikio yamemwiva. Lakini hakuacha kwenda. Wiki ya tano alisimama mbele ya wenzake kueleza jinsi ya kuwapikia watoto mia tatu kwa saa mbili. Alisoma karatasini bila kuinua macho mpaka alipofika kwenye viazi. Kwenye viazi akaiweka karatasi mezani. Alipewa dakika tano, akazungumza tisa, na Meeri akashindwa kumkatisha. Nampenda Raili kwa siku ile. Ningekuwepo ningempigia makofi mpaka viganja viume.

Tena si alama alizokuwa akizitafuta. Miaka mitatu kabla ya hapo mama yake, Aune, alifariki. Huku kwetu mazishini kila familia huinuka kwa zamu yake, ikaenda mbele na maua, ikasimama mbele ya jeneza na kusoma kwa sauti maneno ya kwenye kadi. Ni mistari miwili mitatu, mara nyingi imechaguliwa na muuza maua. Raili alisimama pale na kadi mkononi, sauti isitoke. Alifungua kinywa mara mbili. Mwisho akaweka maua chini, akainamisha kichwa, akarudi kukaa. Baadaye watu walikunywa kahawa na kula keki, na hakuna aliyeligusa jambo lile, hata mdogo wake Jouko, ambaye hutania mpaka wachungaji. Si kwamba lilisahauliwa. Lilimkaa Raili kooni miaka yote mitatu, na alijiapia kwamba kwa baba yake hatasubiri mpaka jeneza lifike. Mzee alikuwa bado hai, anakula, anapasua kuni. Maneno atayasikia kwa masikio yake mwenyewe.

Basi Meeri alipotoa kazi ya mwisho, Raili aliona kama imeandikwa kwa ajili yake. Mwambie mtu wako wa karibu jambo jema ambalo hujawahi kumwambia, kisha andika ripoti: umekua vipi?

Jumamosi moja ya Aprili, barafu ya ziwani imeanza kuyeyuka na kuwa nyeusi, aliendesha gari saa nzima hadi kwa baba yake, upande wa Keuruu. Mzee alitoka nje kama kawaida yake, akalizunguka gari, akapiga teke kila tairi.

"Hujayabadilisha haya ya theluji," akasema.

"Bado, baba."

"Vizuri. Asubuhi barabara ina utelezi bado."

Wakaingia ndani. Kahawa ikamiminwa, mkate wa shayiri ukapakwa siagi. Raili akaweka kikombe chini, akakaa wima kama alivyofundishwa, akamtazama baba yake machoni.

"Baba, nataka kukwambia kitu."

Mzee akaacha kutafuna.

"Wewe ni baba mwema. Hukutupigia kelele hata siku moja, mimi na Jouko. Nina bahati kwamba baba yangu ni wewe, na sijawahi kukwambia."

Mzee Urho aliutazama mkate, akatazama dirishani, akautazama mkate tena. "Haya," akasema. Kisha akainuka, akaosha kikombe chake ambacho kilikuwa na kahawa nusu. Raili alipoaga, mzee alimpa mkono. Hawakuwa wamepeana mikono tangu siku Raili alipomaliza shule ya sekondari. Mama wa watu akarudi mjini anaimba garini, peke yake, kwa sauti.

Jumatano mchana alikaa kuandika ripoti. "Nimejifunza kuzungumza na baba yangu kwa uwazi, na ujumbe wangu umemfikia," aliandika, akaisoma sentensi hiyo mara mbili kwa raha. Hapo simu ikalia. Alikuwa Jouko, anayeishi kilomita mbili kutoka kwa mzee.

"We dada, umemwambia nini mzee?"

"Kwani vipi?"

"Kanipa keke yake ya kutobolea barafu anapovua samaki. Keke, Raili! Ile tuliyokatazwa hata kuigusa. Kule bandani kila kifaa kakibandika karatasi yenye jina la mtu. Na suti nyeusi kaitoa kabatini, kaianika kwenye kamba tangu jana. Jirani kaiona, badala ya kwenda kumuuliza mwenyewe kanipigia mimi."

"Na wewe ulimuuliza?"

"Namuulizaje mtu kitu kama hicho?"

"Jouko!"

"Kasema wewe ulikuja, ukamkodolea macho, ukamsifu. Basi akasema, 'Nimeshajua.' Halafu nikaona karatasi ya zahanati mezani. Alipimwa damu wiki mbili zilizopita, majibu hayajatoka. Anadhani daktari kakupigia wewe."

Raili akaikata simu. Katika ukoo wao, tangu enzi za babu wa babu, mtu aliye hai hutaniwa, au huulizwa habari za kuni. Sifa ni za marehemu. Yeye alikuwa amekwenda kumsomea baba yake kadi ya maua huku mzee mwenyewe akitafuna mkate. Alicheka, kisha akalia, kisha akafuta ile sentensi na kutafuta ufunguo wa gari.

Njiani alikuwa na saa nzima ya kujihukumu. Meeri aliwaambia tangu mwanzo kwamba ujumbe si kile kinachotoka kinywani, ni kile kinachofika sikioni. Raili aliyaandika maneno hayo daftarini na kuyapigia mstari, na hakuyafikiria tena. Sasa alikumbuka matairi. Tangu anunue gari lake la kwanza akiwa na miaka ishirini, hakuna siku aliyofika nyumbani baba yake asilizunguke gari kabla ya salamu. Alikuwa akiona ni tabia ya uzee, wakati mzee alipoianza hakuwa mzee. Kwa miaka ishirini na tisa kuna mtu alikuwa akimsemesha, naye anajiona ametoka kwenye nyumba ya mabubu. Aliona aibu, na upendo wake kwa yule mzee ukamjaa mpaka ikabidi apunguze mwendo.

Suti ilikuwa kambani kweli, inapepea. Mzee alikuwa bandani, miwani puani, anaandika "Raili" kwenye kikaratasi cha kubandika kwenye shoka dogo.

"Baba, hufi," Raili akasema kabla hata ya kusalimia.

"Kila mtu anakufa."

"Ndiyo, lakini si wiki hii. Daktari hajanipigia. Hata kwamba ulipimwa sikujua. Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Nitaulizaje jambo nisilolijua?"

Mzee akalifikiria hilo, akaona lina haki. "Sasa ulinisifu kwa nini?"

"Kwa sababu ni kweli. Na kwa sababu ya chuo, walitupa kazi."

"Chuo kikuu kinafundisha hivyo?"

"Kinafundisha."

"Kwa kodi zetu," mzee akasema.

Raili hakuondoka hapo. Raili wa zamani angeomba radhi, angepasua kuni mbili tatu na kurudi mjini. Huyu alimshika baba yake mkono, akampeleka ndani, akampigia muuguzi wa zahanati na kuiweka simu mezani wasikie wote. Majibu yalikuwa yametoka asubuhi ile. Damu ya mzee ilikuwa na upungufu kidogo wa madini ya chuma, basi. Apewe vidonge, na ale maini mara mbili kwa wiki.

"Maini," mzee akasema simu ilipokatwa. "Bora kufa."

"Na keke?"

"Jouko airudishe. Leo hii."

Hayo yote Raili aliyaandika kwenye ripoti yake, pamoja na mambo ya matairi, akaipeleka imechelewa siku mbili. Aliandika kwamba alidhani kukua ni kupata sauti, kumbe sauti ilikuwa nusu tu ya kazi, na kwamba mtu akitaka kusema vizuri aanze kwa kujua mwenzake amezoea kusikia kwa lugha gani. Meeri aliipitisha, na chini yake akaandika "asante" tupu. Yaliyofuata mchana ule wa Jumatano, baada ya simu ya muuguzi, Raili hakuyaandika. Mimi alinisimulia miaka kadhaa baadaye, tukimenya viazi.

Walikuwa wamekaa mezani tena. Mzee alimimina kahawa, akasogeza sukari, akairudisha ilipokuwa.

"Yale uliyosema Jumamosi," akasema.

"Naam, baba."

"Sikuyasikia vizuri. Nilikuwa nakufa."

Raili akayasema upya, yote, polepole. Safari hii mzee hakuosha kikombe. Aliyasikiliza ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye mtumbwi unaoyumba, na yalipokwisha akatikisa kichwa kukubali. Raili alidhani ndiyo yamekwisha. Alikuwa akinyanyua birika aliposikia sauti ya baba yake tena.

"Siku ya mama yako nilikuona pale mbele. Kadi ilikuwa inatetemeka."

Raili akaliweka birika chini. Miaka mitatu, na hakuna kiumbe aliyewahi kumtajia.

"Nilitaka kuinuka nije nisimame na wewe," mzee akasema. "Miguu ikakataa. Ulitaka kumwambia nini?"

"Yalikuwa kwenye kadi. Shairi tu la dukani."

"Ya kadi siulizi."

Raili alikaa. Hakuna zoezi la Meeri lililomjia kichwani. Mzee alisubiri. Kwa kusubiri, hakuna aliyemshinda katika wilaya nzima.

"Niambie mimi," mzee akasema mwishowe. "Katika sisi wawili, mimi ndiye nitakayetangulia kumwona. Nitamfikishia. Sina haraka, lakini nitamfikishia."

Basi Raili akasema. Alisema kwamba utotoni, asubuhi zote za baridi, alimsikia mama akiamka saa kumi na moja kuwasha jiko, na kutandaza soksi zake Raili juu ya vigae vya jiko zipate moto. Kwamba hakuwa amelala. Alikuwa akifumba macho makusudi kwa sababu mama, kabla ya kumwamsha, humgusa shavu kwa mkono wake wenye harufu ya moshi na kusimama pale kidogo, na kama angejua kwamba Raili yu macho, angeuondoa mkono. Kwamba alikuwa macho kila siku. Kwamba mama ajue hivyo, alikuwa macho kila siku.

Mzee Urho aligeuza uso dirishani muda mrefu, midomo yake ikicheza bila sauti, kama mtoto anayekariri. Kisha akamgeukia binti yake.

"Rudia hapo pa shavu," akasema. "Nisije nikakosea."