Kopo Nyuma ya Friza

Anuar Ubwa ni fundi wa vespa mtaa wa Malindi, na kabla ya kupigwa watu walimjua kwa ucheshi tu. Kisha ikaja ile kompyuta. Shemeji yake alimletea kutoka Dar: kibao cha kijani, kidogo kama kitambulisho, rahisi kuliko tairi la vespa.

"Hii ni kompyuta kamili, nnakwambia," alimwambia mkewe, Riyama. "Ukiichomeka kwenye televisheni unaandika, unasoma. Ukiifunga waya inakwambia tangi lishajaa. Ukitaka, itakufungia banda la kuku magharibi ikiingia."

"Kuku tunao?"

"Tutafuga."

Akajifundisha kwa simu, akaunguza vibao viwili, akaagiza vingine. Mteja aliyekuja kubadilisha plagi hakuondoka bila ya kuhubiriwa. Mmoja wao alikuwa rafiki yake Talib, muuza samaki, ambaye friza lake lilikuwa likizimika na yeye hana habari mpaka samaki wakaoza.

"Mbona rahisi!" Anuar alisema. "Nitakuwekea kitu kitakachokupigia simu."

Aliitia kompyuta ndani ya kopo la maziwa ya unga, akatoboa tundu la kupitishia waya wa kupimia baridi, akaiunga na betri. Taa nyekundu ikawa inawaka na kuzimika juu ya kifuniko. Jumamosi asubuhi akaliweka kopo uchochoroni, nyuma ya friza la Talib lililokaa nje ya mlango wake, akaenda dukani kununua utepe wa kulibandikia.

Aliporudi uchochoro umejaa. Mtu alikuwa ameshaona taa na waya, akapiga ukelele: "Bomu!"

"Langu hilo!" Anuar alisema, akijipenyeza. "Msiliguse!"

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Mchukuzi mmoja wa pale, Jecha, pande la mtu, alimkamata ukosi. "Ndiye huyu!" Ngumi ya kwanza ilimvunja pua. Akaanguka, na mateke yakaja kila upande, kichwani, mbavuni, tumboni. Alitaka kueleza, lakini kinywa kilijaa damu na meno. Aliponyoosha mkono wa kulia kulielekea kopo, Jecha aliokota jiwe la mizani akaushushia. Mfupa ulialika kama kuni kavu. Mwengine alilisukuma kopo kwa mti mrefu likatumbukia mtaroni. Halikulipuka, na bado mateke hayakukoma.

Talib alitoka ndani mbio. "Fundi wangu huyo! Mnamuua fundi wangu!" Naye akapigwa kofi. Waliacha pale tu askari walipofika na virungu.

Anuar alipoteza jicho la kushoto. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikukunjika tena.

Wiki kadhaa baadaye Jecha alikuja nyumbani, kofia mkononi. "Asalaam alaykum. Nimekuja kutaka radhi, kaka. Tuliogopa."

Anuar aliinuka, akachukua spana kwa mkono wa kushoto, akampiga nayo usoni. Shavu likapasuka. Jecha hakujikinga. Akampiga begani, akampiga shingoni, na angeendelea lau Riyama asingejitupa kati yao. Spana ikampata yeye kiwikoni.

"Haya, na mimi niue!" Riyama alipiga kelele. "Niue basi!"

Spana ikaanguka. Jecha alishuka ngazi huku damu ikimdondoka. Hakwenda kushitaki polisi.

Anuar alikaa sakafuni mpaka adhana ya alasiri. "Pale nnampiga niliona raha, Riyama," alisema. "Kumbe na wao waliona raha hii hii."

Riyama alikuwa anajifunga kiwiko kwa kanga.

Kompyuta hakuiacha. Mkono wake haukuweza tena kulehemu, basi akawa anamwelekeza Riyama, na Riyama akaishika kazi kuliko Anuar alivyotarajia, wakigombana juu ya kila waya. Kifaa kipya cha Talib walikitia kwenye kasha la plastiki linaloonesha ndani, limeandikwa jina na namba ya simu kwa herufi kubwa. Umeme ulipokatika mchana wa Ramadhani, simu ya Talib ililia, akawahi kuleta barafu, samaki wakapona.

Siku hizi wenye mafriza humtafuta Anuar awawekee. Anayekwenda ni Riyama. Anuar hubaki kibandani na vespa zake. Watu wakikusanyika mahali, hata harusini, jasho humtoka, na mkono wa kushoto hujikunja ngumi wenyewe.