Mkono wa Mahameli

Jina la Mama Mapazia alibandikwa na watu, hakulichagua. Kila dirisha la maana mtaani lilikuwa limepitia mikononi mwake, na yeye mwenyewe akiingia nyumbani kwa mtu hutazama madirisha kwanza, hali ya wenyeji baadaye. Alishonea kwenye chumba cha mbele, kinachotazama barabara: cherehani ya miguu, meza ndefu ya kukatia, pasi nzito, na marobota ya vitambaa yaliyosimama ukutani kama wageni waliosahauliwa kupewa viti.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, sasa amestaafu. Alipenda kusema kwamba amewapandisha wakubwa wote wa mji, ila yeye mwenyewe safari yake ndefu kuliko zote iliishia ghorofa ya kumi na mbili. Siku za uchumba alimwahidi mkewe kumpeleka Ulaya. Ahadi ile ikageuka mzaha wa nyumbani. Sahani ikivunjika, "Usijali, tutanunua nyingine Ulaya." Paa likivuja, "Ulaya hakuvuji." Hadi alipostaafu, mkewe akaweka kikombe cha chai mezani na kumwambia:

"Mzee, huu mzaha umeota mvi. Twende, au tuache kuutaja."

"Ulaya si kwa mjomba, mama."

"Ndiyo maana tutalipa nauli."

Basi wakaanza kupanga. Mipango ilifanyika kwenye kiduka cha simu na kompyuta cha mpwa wao, binti wa dada mkubwa wa Mama Mapazia. Walikaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya kaunta, kila mmoja na miwani yake, na mpwa akibofya. Walichagua majira ya baridi kwa kuwa tiketi huwa nafuu. Walikubaliana kula mkate na jibini za dukani, kutembea kwa miguu, na kwenda makumbusho siku ya kiingilio cha bure tu. Siku viza zilipotoka, mzee alicheza kidogo pale pale mbele ya wateja, akashika kiti, akasema kiatu kinambana.

Kilichobaki ni malazi. Mpwa alitafuta mpaka akapata chumba cha bei ya kutupa, chini ya paa, ghorofa ya sita.

"Ila hakuna lifti, baba mdogo."

"Hakuna lifti!" Mzee alipiga paja. "Maisha yangu yote nawatengenezea watu lifti, nikipata likizo nipande ngazi. Mungu ana utani."

"Tukichukue hicho," alisema Mama Mapazia. "Tutabaki siku kumi badala ya sita. Mtaa wenyewe ukoje?"

Mpwa akawaonyesha. Kuna picha za mitaa, akaeleza, zinazopigwa na gari lenye kamera juu. Ukibofya mshale unasonga mbele kidogo, kama unatembea. Wakatembea. Njia ilikuwa nyembamba, mawe yamelowa, milango imepakwa rangi za giza. Walipofika kwenye namba ya nyumba yao, mpwa akasimama.

Mlangoni walikuwapo watu wawili, mmoja mrefu, mmoja mfupi, wamesimama karibu karibu. Nyuso zao zilikuwa ukungu mtupu.

"Mbona hawana sura?" aliuliza Mama Mapazia.

"Mashine inawafuta, mama mdogo. Wote wanafutwa, ni sheria za huko."

Walivaa makoti marefu ya rangi ya majivu yenye ukijani, sare. Ila koti la yule mfupi lilikuwa na kasoro: mkono wa kushoto ulikuwa mweusi zaidi, kana kwamba ameutumbukiza majini hadi begani.

"Aa, tazama," mzee akacheka, "wametutangulia! Mrefu na mfupi. Waambie watuachie maji ya moto."

Wote watatu wakacheka. Mpwa akasema picha ni ya miaka minne nyuma. Wakalipia chumba arubuni na kwenda nyumbani.

Makoti ya baridi dukani yalikuwa ghali hata ukiyatazama kwa mbali. Lakini Mama Mapazia hakushonea watu mapazia maisha yake yote akashindwa kujifunika mwenyewe. Alikuwa na mahameli iliyobaki kwenye kazi ya ukumbi mmoja, nzito, ya kuzuia mwanga na baridi. Akampima mumewe kwanza, akamshonea koti la kufika magotini. Kipande kingine akakifanya foronya ya mto wa kiti cha mzee, maana alidhani kitambaa kinatosha. Alipogeukia koti lake akakuta umbo lake limemdanganya: kitambaa kimekwisha, na mkono mmoja haujapatikana. Kilikuwapo kipande kimoja tu, na kilitosha kikikatwa juu chini.

Mahameli ina vinyweleo. Ukiipapasa kwenda chini inateleza na rangi yake ni nyepesi. Ukiipapasa kwenda juu inakukatalia, na rangi inakuwa nzito. Fundi wa mapazia hakati kipande juu chini, ni kama kupiga hariri pasi ya moto mkali. Yeye aliwafukuza wanafunzi kwa kosa hilo.

"Nani atakuona huko?" mzee alimwambia kutoka mlangoni. "Watu wenyewe hawana sura."

Akakata. Akashona. Alasiri ile akayatundika makoti yote mawili dirishani ili mikunjo ishuke, akarudi nyuma kuyatazama, kama afanyavyo kwa kila kazi.

Koti refu, koti fupi. Rangi ya majivu yenye ukijani. Na mkono wa kushoto wa lile fupi, mweusi hadi begani.

Pini alizokuwa amezibana midomoni zikamdondoka moja moja, na akazisikia zote zikigonga sakafu. Mlango ulikuwa umefungwa, hewa imetulia, lakini makoti yale yalijigeuza taratibu kwenye vibanio vyake mpaka yakatazamana.

Hakumwambia mumewe. Alijifunga mtandio akaenda kwa mpwa peke yake.

"Nionyeshe ule mtaa."

"Umeanza kuota ndoto za Ulaya, mama mdogo?"

"Nionyeshe tu."

Wawili wale walikuwa pale pale mlangoni, makoti yao, ukungu wao. Safari hii alisogeza miwani na kutazama kwa jicho la kazi. Kola zilikatwa pana kidogo, kama anavyozikata yeye. Pindo lilikuwa la mapazia, kubwa kupita kiasi.

"Sogeza mbele."

Mpwa akabofya mshale. Mlango ulikuwa wazi. Yule mfupi mwenye mkono mweusi alikuwa amesimama kizingitini, ameshika mabegi yote mawili, amegeuza shingo kutazama ndani, kwenye ngazi. Yule mrefu hayupo.

"Sogeza."

Mlango umefungwa. Hakuna mtu.

"Yule mwingine ameenda wapi?"

"Labda kazibwa na mlango." Mpwa alimtazama. "Mama mdogo, mbona umebadilika rangi? Nikuletee maji?"

"Niletee."

Aliporudi nyumbani, mzee hakuwapo. Akaja jioni, amelowa jasho, anatembea kama mtu aliyebeba kitu kisichoonekana. Alisema alikwenda kunyoosha miguu. Mama Mapazia akamsogezea kiti chenye ule mto wa mahameli, akangoja akae.

"Kifua chako kikoje?"

"Kifua kiko mbele, mgongo uko nyuma. Kila kitu mahali pake."

"Sikuulizii kwa utani."

Akavua viatu, kimoja kimoja, akavipanga chini ya kiti. Kisha akasema, bila kumtazama:

"Nimekuwa nikienda lile jengo nililofanyia kazi zamani, nafanya mazoezi ya ngazi. Nisije nikakuaibisha huko. Leo nimefika ghorofa ya nne, kifua kikabana kama kimefungwa kamba. Nikakaa kwenye ngazi. Mara lifti ikaja."

"Nani aliiita?"

"Hilo ndilo neno. Hakuna. Nilikuwa peke yangu, na kitufe kilikuwa mbali nami. Imekuja ikasimama mbele yangu, ikafungua mlango. Ndani tupu, taa inawaka. Ikangoja. Lifti haingoji, mama. Nimezitengeneza miaka yote, mlango unakaa wazi kidogo tu, unajifunga. Ile ilingoja."

"Ukaingia?"

"Nilitaka kuingia. Nilikuwa nimechoka, wallahi. Nikaona kama nikiingia nitapumzika kweli." Akajifuta paji la uso. "Nikashuka kwa makalio, ngazi kwa ngazi, kama mtoto."

Ndipo Mama Mapazia akamsimulia ya picha. Mzee aliyakodolea macho makoti yaliyotundikwa dirishani.

Asubuhi walikwenda kwa daktari. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akaandika vidonge, akasema kusafiri anaweza, lakini ngazi ndefu na mizigo asahau.

"Basi tusiende," mzee alisema njiani. "Tuseme tulishafika."

"Maji tumeshayavulia nguo. Tutakwenda. Ghorofa ya sita ndiyo hatuendi."

Alimwacha kitandani apumzike, akaingia chumba cha kazi na kufunga mlango. Akachukua ule mto wa kiti, akafumua foronya, akaitandaza mezani. Kwa kuunga kiwikoni, mkono mmoja unapatikana. Angeweza kuutoa ule mweusi kwenye koti lake, akaweka huu kwa mwelekeo wake, kosa likafutika. Alishika mkasi, akaulaza kwenye kitambaa, akausimamisha.

Akafikiri. Kwenye ile picha ya pili yeye alikuwapo, na mkono wake mweusi. Aliyekosekana hakuwa na alama.

Akaigeuza mahameli juu chini, kwa makusudi. Akakata. Akafumua mkono wa kushoto wa koti la mumewe na kumpa mweusi kama wake. Hakumwambia mtu. Alipomaliza alilifunika koti kwa shuka, akaenda dukani kwa mpwa.

Arubuni ya chumba cha juu ilipotea, alisikitika, akameza. Mpwa akatafuta upya, na mwisho akapata nyumba nyingine, mtaa mwingine kabisa, yenye lifti. Bei yake iliwarudisha kwenye siku sita.

"Sita zinatosha," alisema Mama Mapazia. "Nionyeshe mtaa."

Mpwa akasita. "Una hakika?"

"Nionyeshe, mwanangu."

Mtaa huu ulikuwa mpana, una miti isiyo na majani. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa, hakuna mtu. Mama Mapazia akashusha pumzi. Mpwa naye akashusha yake, akabofya mshale mara moja zaidi, kwa mazoea tu.

Kando ya njia palikuwa na benchi. Walikaa watu wawili, mrefu na mfupi, wameegemeana bega kwa bega, mkate umefunguliwa magotini. Nyuso zao zilikuwa ukungu. Makoti yao ya rangi ya majivu yenye ukijani yalikuwa na mkono wa kushoto mweusi, yote mawili.

Uzi wa mahameli ulikuwa bado umemng'ang'ania Mama Mapazia kwenye kidole.

Mpwa alikuwa amejishika mdomo. Kidole cha mkono wake mwingine kilikuwa tayari kubofya mshale. Aliuliza kwa sauti ndogo:

"Nisogeze mbele, mama mdogo?"

Mama Mapazia aliwatazama wale wawili kwa muda, hasa yule mrefu. Kisha akaufunika mkono wa mpwa wake kwa wake.

"Usisogeze," alisema. "Lipia hapo hapo."